Saa Tisa Inayorudi

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, Tartu,
theluji ilikuwa bado haijaamua.
Ofisini tulibaki mimi na hita inayokohoa
na kifurushi kimoja cha programu,
mistari mia na kumi na miwili tu.
Jina lake saa-dozi.
Kazi yake kumwambia nesi
lini dripu ya kitanda cha nne ibadilishwe.

Ülar ndiye aliyekiandika.
Mwaka juzi aliaga, akahamia kisiwani Saaremaa
kufuga kondoo. Alituachia kikombe chake
na maneno haya juu ya mstari wa arobaini:
Usiguse. Niulize.

Nani huuliza?
Kiangazi kijana wetu Taavet aliuona mstari ule mchafu,
akausafisha, akachapisha toleo 2.4.0, akaenda likizo.
Majaribio yote yalitoka kijani,
kijani cha mwani juu ya kisima.

Usiku huo saa zingerudishwa nyuma.
Kule, saa tisa ya usiku huja,
huondoka, kisha hurudi tena
kama mtu aliyesahau funguo.
Na saa-dozi, bila mstari wake wa arobaini,
ingehesabu dozi mbili.

Nilimpigia Ülar. Nyuma yake kondoo walilia.
Hakusema "niliwaambia". Alisema:
"Rudisha mistari mitatu. Andika jaribio.
Na safari hii eleza sababu. Mimi nilikuwa na kiburi."

Nikarudisha. Nikaeleza.
Chapisha.
Ghala letu likajibu: Toleo hili lipo tayari.
Kweli. Maji yakimwagika hayazoleki;
toleo likishatoka halirudi,
hufuatwa tu na jingine, linalobeba aibu yake.
2.4.1. Chapisha.
Hujulikani, likasema ghala.

Mimi? Miaka sita nalilisha!
Kumbe ufunguo niliotumia siku zote ulikuwa wa Ülar,
umepita mkono kwa mkono kama kijiko cha chumvi,
na muda wake ulikwisha saa sita mchana ule.

Mwenye kutoa funguo ni Maimu.
Simu ya Maimu imo mfukoni mwa koti,
koti limetundikwa msumarini,
Maimu yuko sauna,
maana Jumamosi ni Jumamosi.

Nikingoja, nikachungulia nje,
soko la wazi la dunia, yeyote aweka chochote.
Pale, tangu Alhamisi: saa-dozi.
Jina letu. Namba 99.0.0.
Mwenyewe hana uso.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Huyu alikuja ili mwenyeji augue.
Na mashine haina nongwa wala mashaka:
ikiona majina mawili yaliyofanana
hufuata namba kubwa.
Kinachoizuia ni mstari mmoja
katika faili asilolifungua mtu:
kwa majina haya, tafuta nyumbani tu.
Nikalifungua. Upo.
Nikausoma mara tatu, kisha nikatazama nani aliuweka.
Taavet. Wiki ileile aliyoharibu.

Saa mbili na robo usiku Maimu akapiga;
nilisikia matone ya nywele zake yakigonga sakafu.
Akanitolea ufunguo wa jina langu,
herufi arobaini zisizotamkika,
lakini zangu.
Chapisha.
Imepokelewa.

Hospitalini Viljandi, Riho wa zamu ya usiku
aliandika amri yake: sakinisha.
Kifurushi kikavuka misitu ya misonobari
kabla hajainua kahawa.
Hakujua kitu. Si lazima ajue.

Saa tisa ya kwanza nilikuwa macho.
Saa tisa ya pili pia.
Katikati, wodini, mtu nisiyemjua jina
hakupewa dozi asiyostahili.
Nadhani aligeukia ubavu wa pili,
akaendelea kulala.